Gofu la Kanisa la Carmo, Lisbon: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Carmo ni nini, na liko wapi?

Ni mabaki ya kanisa la watawa Wakarmeli, lililowekwa chini ya ulinzi wa Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Liko juu ya kilima cha mtaa wa Chiado, katikati ya Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Ukisimama chini katika uwanja wa Rossio na kuinua macho upande wa magharibi, utaliona limekaa ukingoni mwa mteremko.

Ukumbi wa waumini hauna paa. Upande wa mashariki, penye altare kuu na vikanisa vinne vya pembeni, umeezekwa na una makumbusho ya akiolojia. Jengo la pembeni walikoishi watawa ni kambi ya askari wa GNR (Walinzi wa Taifa wa Jamhuri), ambao kazi yao inafanana na ya polisi lakini wamepangwa kijeshi.

Nani alilijenga?

Nuno Álvares Pereira, aliyezaliwa 1360, jemadari mkuu wa majeshi ya Ureno. Mfalme Fernando I alifariki 1383 bila mtoto wa kiume. Binti yake alikuwa ameolewa na mfalme wa Castilla, ufalme jirani ulio sehemu ya Hispania ya leo, na Wareno wengi wakaona nchi yao inakaribia kumezwa. Kundi lililopinga lilimtawaza João I mwaka 1385, na tarehe 14 Agosti mwaka huohuo Nuno akaliongoza jeshi lake kuwashinda Wakastilla huko Aljubarrota.

Baada ya ushindi huo yalijengwa majengo mawili makubwa. Mfalme alijenga monasteri ya Batalha, karibu na uwanja wenyewe wa vita. Nuno alijenga Carmo kwa mali yake, ujenzi ukaanza 1389. Kanisa lilipokamilika 1423, alivua cheo, akagawa mali na kuingia humo kama bradha wa kawaida kwa jina la Nuno de Santa Maria. Alifariki 1431. Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu tarehe 26 Aprili 2009.

Kwa nini ujenzi ulichukua zaidi ya miaka 30?

Kwa sababu ya mahali. Nuno alitaka kanisa lionekane kutoka mji mzima, akachagua ukingo wa kilima ambao upande mmoja unashuka ghafla. Misingi ilishindwa kushika mara mbili na kazi ikabidi ianzwe upya. Simulizi ya Lisbon inasema Nuno aliapa kwamba udongo ukigoma mara ya tatu ataweka msingi wa shaba. Kiapo hicho huenda ni chumvi ya wasimulizi, lakini tatizo la udongo lilikuwa la kweli.

Mwaka 1399 ukuta wa kusini uliporomoka kazi ikiwa inaendelea. Mafundi wakaongeza mihimili mitano ya matao kwa nje: nusu-tao linaloanza juu ya ukuta, linapita hewani, na kutua kwenye nguzo nzito iliyo mbali kidogo na jengo. Mihimili hiyo inaonekana vizuri ukiwa unapita kwenye daraja la lifti ya Santa Justa.

Kanisa la Gothiki, mtindo wa Ulaya wa enzi za kati wenye matao ya ncha na dari za mawe, halisukumi chini tu. Dari lake la mawe linasukuma kuta kwenda nje, mchana na usiku, kwa muda wote linaposimama. Kwenye ardhi tambarare msukumo huo hutulizwa na kuta nene. Kwenye mteremko, udongo wa upande wa chini hauna kitu cha kuuzuia, msingi unateleza hata kwa vidole vichache tu, ukuta unalala nje, na tao lililoutegemea linafunguka.

Ni Gothiki ya aina gani?

Ya watawa wanaoishi kwa sadaka: kanisa pana, mapambo machache, nafasi kubwa ya kuhubiria. Usitegemee misitu ya sanamu kama ya makanisa makuu ya kaskazini mwa Ufaransa. Ukumbi umegawanywa njia tatu kwa safu mbili za nguzo, ya kati ikiwa ndefu zaidi kwenda juu. Ufundi wa Batalha, uliokuwa ukiendelea wakati huohuo, uliacha alama zake hapa.

Mapambo yamewekwa mlangoni. Lango la magharibi lina matao kadhaa yaliyopangwa moja ndani ya jingine, na vichwa vya nguzo zake vimechongwa majani na nyuso za watu. Juu yake kuna dirisha la duara, ambalo sehemu yake imekatika.

Nini kilitokea tarehe 1 Novemba 1755?

Ilikuwa Jumamosi, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mnamo saa 3:40 asubuhi, watu wakiwa kanisani na mishumaa ikiwaka kwenye kila altare, tetemeko lililoanzia chini ya Bahari ya Atlantiki, kusini-magharibi mwa Ureno, liliipiga Lisbon kwa dakika kadhaa, mishindo ikifuatana. Wanasayansi wa leo hulikadiria kuwa la ukubwa wa 8.5 au zaidi. Baadaye asubuhi hiyo tsunami ikapanda mto Tejo na kuwakuta watu waliokimbilia gatini wakidhani wamepona. Halafu moto: mishumaa, majiko na mbao zilizoanguka viliunguza mji kwa siku tano au sita.

Maji hayakufika Carmo, kwa sababu liko kilimani. Lilivunjwa na mtikisiko, kisha likaunguzwa. Dari la mawe liliporomokea ukumbini. Maktaba ya watawa, inayotajwa kuwa na vitabu vipatavyo 5,000, iliteketea.

Mfalme aliyekuwa madarakani siku hiyo, José I, alikuwa wa ukoo wa Bragança, ulioanzia kwenye ndoa ya binti wa Nuno na mwana wa João I. Yaani kanisa la babu mwanzilishi liliangukia mikononi mwa mzao wake wa mbali. José alikuwa nje kidogo ya mji, Belém, akapona. Tangu hapo alikataa kulala ndani ya kuta za mawe, na familia ya kifalme ikahamia kwenye jumba la mbao kilima cha Ajuda.

Kwa nini dari lilianguka lakini matao yakabaki yamesimama?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na lina kosa ndani yake. Matao membamba unayoyaona yakikata anga, yale yanayopigwa picha kila siku na kuandikwa chini yake "yaliyonusurika tetemeko", hayakunusurika chochote. Nguzo na matao ya ukumbi yalijengwa baada ya tetemeko.

Ukarabati ulianza 1756, mwaka uliofuata. Watawa walichagua kurudisha kanisa kwa sura ya Gothiki, jambo lisilo la kawaida kwa wakati ule. Chini ya kilima, mitaa ya Baixa ilikuwa ikijengwa upya chini ya waziri Sebastião José de Carvalho e Melo, maarufu kama Marquês de Pombal, kwa mistari iliyonyooka na nyumba zinazofanana. Juu, mafundi waliozaliwa karne tatu baada ya Nuno walikuwa wakijaribu kuiga kazi ya wahenga wao. Walipandisha nguzo, wakafunga matao ya kuvuka ukumbi, na hawakufika kwenye hatua ya kujaza dari kati ya tao na tao. Matao hayo, ambayo ndiyo mbavu za dari, yamekaa tayari kubeba dari ambalo halikuja.

Kwa hiyo Carmo ni mambo mawili kwa pamoja: gofu la karne ya 15, na jengo la karne ya 18 lililoachwa katikati ya kazi. Vitabu vingi vya watalii hutaja la kwanza tu, na hapo ndipo watu hupotezwa.

Nitatofautishaje cha zamani na kilichoongezwa?

Anzia nje, lango la magharibi: hilo ni la kanisa la Nuno. Ingia, shuka ngazi (sakafu ya kanisa iko chini kuliko uwanja ulio nje), kisha usizitazame nguzo kwanza. Nenda moja kwa moja hadi mwisho wa mashariki, kwenye altare kuu na vikanisa vyake. Huko ndiko jengo la kale lilikobaki kwa sehemu kubwa. Ukishazoea uzito wa kuta zile, geuka urudi ukumbini ukitazama nguzo na matao. Hapo utaona mkono mwingine, unaojali zaidi namna jengo litakavyopendeza likitazamwa kutoka mbali.

Kuta za pembeni usizihukumu haraka, zimeguswa mara nyingi. Na uso wa kambi iliyo kando ya lango, ingawa madirisha yake yanajifanya ya Kigothiki, ni kazi ya mwanzoni mwa karne ya 20.

Tetemeko huangushaje dari la mawe?

Tao hukaa juu kwa sababu kila jiwe linabanwa na mawe jirani. Hakuna kinacholivuta, na mawe yenyewe hayawezi kuvutwa: chokaa kilicho kati yao kitaachia. Nguzo mbili zinazobeba tao zikisogeleana au kuachana kidogo, tao hubadilika umbo na kupasuka sehemu tatu, na kila ufa unakuwa kama bawaba. Bawaba moja zaidi, linaanguka.

Wakati wa tetemeko nguzo ndefu haziyumbi pamoja. Moja inakwenda kaskazini wakati mwenzake anarudi kusini. Juu yake kuna tani nyingi za mawe, na uzito ukiwa juu kuyumba kunazidi. Mtikisiko wa sekunde kumi jengo zuri linaweza kuuvumilia. Ukiendelea kwa dakika kadhaa, nyufa zilizofunguka hazipati nafasi ya kufunga kabla ya pigo linalofuata.

Kisha moto ukamalizia. Mawe ya chokaa yakipata joto la ghafla, ngozi yake ya nje hutanuka kabla ya ndani haijapata habari, na vipande bapa hubanduka. Joto likizidi nyuzi 800 hivi, jiwe huanza kugeuka chokaa kile cha tanuru, na mvua ya kwanza ikinyesha linamomonyoka. Ukitaka kuona jambo hili kwa macho, ingia kanisa la São Domingos lililo karibu na Rossio. Liliungua 1959, likaezekwa tena, lakini nguzo zake zilizobanduka ngozi ziliachwa zilivyo.

Kwa nini ukarabati haukumalizika?

Kwanza pesa. Mji mzima ulikuwa ukijengwa, na watawa walioishi kwa sadaka walisimama kwenye foleni ileile ya mawe, mbao na mafundi. Kazi ilikwenda kwa kusuasua kwa zaidi ya miaka 70.

Pili siasa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha 1834 kwa ushindi wa waliberali, waliotaka utawala wa katiba, na tarehe 30 Mei mwaka huo amri ilitolewa kuyafuta mashirika ya watawa wanaume nchini na kutaifisha mali zao. Watawa wakaondoka na kazi ikasimama. Majengo ya kuishi yakaishia mikononi mwa askari.

Tatu, ladha ya watu ilikuwa imebadilika. Katikati ya karne ya 19 wasomi wa Ulaya walipenda magofu, hasa ya enzi za kati, na Carmo lisilo na paa likaonekana lina thamani hivyohivyo. Ukaamuliwa uamuzi wa makusudi wa kutoliezeka. Hivyo ukisikia kwamba Wareno waliliacha kama kumbukumbu ya tetemeko, jua kwamba maelezo hayo yaliwekwa juu baadaye. Hadi 1834 nia ya wenyewe ilikuwa kuliezeka.

Makumbusho yalianzaje, na nitafute nini?

Mwaka 1863 msanifu majengo Joaquim Possidónio Narciso da Silva aliongoza kuundwa kwa chama cha wasanifu na wanaakiolojia, na mwaka uliofuata chama hicho kikafungua makumbusho ndani ya gofu. Lengo lilikuwa kuokoa mawe: konventi (nyumba za watawa) zilizofungwa 1834 zilikuwa zikibomolewa au kuporwa kote nchini, na makaburi, sanamu na maandishi yalihitaji pa kuwekwa. Ndiyo maana ukumbi una vipande vilivyotoka mahali pengine kabisa, likiwamo dirisha la mapambo kutoka monasteri ya Jerónimos.

Kitu cha kutazama kwa utulivu ni kaburi la mawe la Mfalme Fernando I, lililoletwa kutoka konventi ya Wafransisko katika mji wa Santarém. Huyu ndiye ambaye kifo chake kilizua vita iliyompa Nuno ushindi na sababu ya kujenga. Kulaza jeneza lake humu ni kejeli ambayo hakuna aliyeipanga. Zunguka pande zote nne, kila upande umechongwa.

Kuna pia vifaa vya kale kutoka ngome ya Vila Nova de São Pedro, ya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, maiti mbili zilizokaushwa za vijana kutoka Peru, na moja kutoka Misri. Kabati la maiti ndilo linalojaza watu. Kwa mwenye nia ya kuielewa Carmo halina msaada wowote.

Kaburi la Nuno lipo?

La asili liliharibiwa 1755. Kilichopo ni nakala ndogo. Masalia yake yamehifadhiwa katika kanisa lililopewa jina lake, Santo Condestável, mtaa wa Campo de Ourique, Lisbon.

Ni kweli serikali ilianguka hapa?

Ndiyo, mlango wa pili. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa vijana wa jeshi waliasi, na waziri mkuu Marcelo Caetano akajificha katika kambi ya GNR ya Carmo. Kapteni Salgueiro Maia, aliyetoka Santarém usiku na magari ya deraya, aliuzingira uwanja. Watu walijaa hadi kwenye matawi ya miti. Baada ya risasi kupigwa kwenye ukuta wa kambi, jioni Caetano alisalimu amri kwa Jenerali António de Spínola na kutolewa ndani ya gari la deraya.

Kwa msomaji wa Tanzania uwanja huu si wa mbali. Maofisa wale walichoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, na vita ya Msumbiji iliendeshwa na FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam 1962 na kufundisha wapiganaji wake Nachingwea. Mkataba wa Lusaka ulitiwa saini 7 Septemba 1974, miezi minne na nusu baada ya siku ile ya Carmo, na Msumbiji ikawa huru 25 Juni 1975.

Gofu lisilo na paa linatunzwaje lisiendelee kubomoka?

Adui wa kwanza ni maji yanayoingilia juu ya ukuta. Ukuta wa kale una nyuso mbili za mawe mazuri na katikati kifusi kilichoshikwa kwa chokaa. Paa likiondoka, mvua inaingia moja kwa moja kwenye kifusi, inakiosha, na nyuso mbili zinaanza kuachana kwa uvimbe ambao unaonekana tu ukilaza jicho kando ya ukuta. Dawa ni kufunika kichwa cha ukuta kwa tabaka la mawe na chokaa lililoinamishwa ili maji yatoke nje. Matao nayo yanahitaji mgongo wake ufunikwe vivyo hivyo, kwa sababu yalijengwa yafunikwe na dari, si kunyeshewa.

Kosa kubwa la karne iliyopita katika magofu mengi ya Ulaya lilikuwa saruji. Ni ngumu kuliko jiwe la chokaa na haipitishi unyevu. Maji yaliyonaswa nyuma yake hutafuta njia kupitia jiwe, yanakauka usoni, yanaacha chumvi, na chumvi inabandua uso wa jiwe huku kiungo cha saruji kikibaki kimetuna. Kwa viungo, kipimo cha kawaida ni sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga mkali uliooshwa, na kazi ifunikwe kwa magunia yenye unyevu siku kadhaa isikauke haraka. Wanaohifadhi magofu ya Kilwa Kisiwani wanaijua kanuni hii vizuri: kiungo kiwe laini kuliko jiwe, ili kikiharibika kiharibike chenyewe.

Halafu mimea na njiwa. Mti mchanga wa mtini usiung'oe, mizizi yake itatoka na jiwe. Kata shina, ua mzizi, uache uoze, kisha jaza tundu. Kinyesi cha njiwa kina asidi na huozesha mawe ya chokaa, tena huziba mifereji.

Nifikeje, na niende saa ngapi?

Njia rahisi kwa miguu ni kutoka Rossio kupanda Calçada do Carmo. Ni mwinuko mkali lakini mfupi. Kwa treni za chini shuka Baixa-Chiado na utokee upande wa Chiado, ngazi za umeme zitakufikisha juu. Lifti ya Santa Justa, ya chuma, iliyofunguliwa 1902, inapanda hadi daraja linaloishia nyuma ya kanisa, lakini foleni yake mara nyingi ni ndefu kuliko safari yenyewe. Wengi hupanda kwa miguu na kulitumia daraja kwa kuangalia tu.

Makumbusho hufungwa Jumapili. Saa za kufunga hutofautiana kiangazi na kipupwe, kwa hiyo thibitisha kwanza. Tenga saa moja na nusu. Asubuhi mapema kuna watu wachache. Mvua ikinyesha ukumbi unabaki wazi kwako peke yako, ila mawe ya sakafu huteleza, vaa viatu vyenye soli ya kushika.

Mijakaranda ya uwanjani huchanua mwishoni mwa Mei na Juni.

Ibada bado zinafanyika?

Hapana. Anayetaka misa aende São Domingos, chini ya kilima.

Batalha inafaa kuunganishwa na safari hii?

Inafaa sana, tena ikiwezekana ianze Batalha. Iko yapata kilomita 120 kaskazini mwa Lisbon, na dari lake la mawe lipo. Ukishaona pale jinsi mbavu zinavyobeba dari, utajua ni nini hasa kinachokosekana Carmo.